Nani alizima friji? Maneno niliyosema Tabora kuhusu Bhopal na magodauni yetu

Watu kadhaa wamenipigia wakitaka niandike yale niliyoongea Jumamosi ukumbini hapa Tabora, kwenye kikao cha wakulima wa tumbaku, wenye maduka ya pembejeo, madreva wa maloli na vijana wa stoo. Siku ile sikuwa na karatasi, kwaiyo nimeandika kama ninavyokumbuka nilivyoyasema, sijayapamba.

Mwangaluka! Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, vijana habari zenu. Nashukuru mmeniita. Wengi mnanijua kama stoo kipa mstaafu, mtu wa kuhesabu magunia na madramu, lakini miaka ishirini na kitu nimelala na kuamka na sumu, na kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu nataka nilitoe leo mbele yenu. Nitalitoa mwishoni. Kwanza niwapeleke India.

Kuna mji kule unaitwa Bhopal, ni mji wa reli kama huu wetu, treni zinapishana pale usiku na mchana. Kampuni ya Marekani, Union Carbide, ilikuwa na kiwanda pale kupitia kampuni yake ya India, Wamarekani wana asilimia 50.9 na zilizobaki ni za Wahindi wenyewe pamoja na taasisi za serikali yao. Na kiwanda kilikuwa kinatengeneza nini? Dawa ya kuua wadudu shambani! Inaitwa Sevin, na naona wazee wengine hapo mnatikisa kichwa, ile ya unga mshawahi kuishika. Kwaiyo hii habari sio ya mbali, ni habari ya bidhaa zetu hizihizi tunazopakua.

Sasa kutengeneza Sevin walikuwa wanatumia kemikali moja mbaya sana, methili isosayaneti, wenyewe wanaiita MIC. Hii MIC inachemka kwenye nyuzi 39 tu, joto la mtoto mwenye homa, alafu ikikutana na maji inapandisha joto yenyewe kwa yenyewe mpaka inageuka gesi, na gesi yake ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikapotea, inatambaa chini, inaingia kwenye vibanda kwa mlangoni, inamkuta aliyelala sakafuni na mtoto mwenye kimo kifupi kabla ya mtu mzima aliyesimama.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 maji yakaingia kwenye tenki moja, namba E610, lenye takriban tani 40 za hiyo kitu. Ikachemka, ikatoka. Watu walikuwa wamelala. Serikali ya jimbo lao ilithibitisha kwanza vifo 3,787, baadae idadi ikapita 5,000, na wanaowatetea wahanga wanasema ukihesabu na waliokufa taratibu miaka iliyofuata ni zaidi ya 15,000. Walioumia, serikali ya India yenyewe iliiambia mahakama mwaka 2006 kuwa ni 558,125. Chukua kila mtu aliyepo kwenye manispaa yetu ya Tabora, mzee na kichanga, bado hujafika hiyo namba.

Watu wakisikia hivi wanasema ajali, mungu kapanga. Mimi nimeisoma hii habari miaka mingi na naomba mnisikilize vizuri hapa. Tenki lile lilikuwa na ulinzi wa aina nne. Kulikuwa na friji kubwa ya kuipoza MIC ikae karibu na nyuzi 0, maana ikiwa baridi hata maji yakiingia inachelewa kuchemka, unapata masaa ya kufanya kitu. Kulikuwa na mtambo wa kuosha gesi kwa kostiki soda, yale magadi makali, kabla haijatoka nje. Kulikuwa na mnara wa kuichoma gesi juu kwa moto. Na kulikuwa na mabomba ya kurusha maji hewani kuizima. Usiku ule mtambo wa kuosha ulikuwa umewekwa pembeni na hata ungewaka ulikuwa mdogo kwa gesi nyingi vile, mnara wa kuchomea ulikuwa umefunguliwa kipande cha paipu kilicholiwa na kutu hakijarudishwa, maji yaliporushwa hayakufika kimo gesi ilipokuwa inatokea, na friji... friji ilizimwa mwezi Juni. Miezi mitano nyuma! Gesi yake ya kupozea ikatolewa ikatumike sehemu nyingine ya kiwanda.

Kwanini? Biashara ilikuwa mbaya, dawa hazinunuliki, kiwanda kinakula hasara, makao makuu wanataka gharama zishuke. Wafanyakazi wa kitengo cha MIC kwa shifti wakapunguzwa kutoka 12 mpaka 6, supavaiza wa matengenezo wa usiku akaondolewa kabisa. Kila punguzo lilikuwa na karatasi yake na mtu aliyesaini, na nina uhakika kila aliyesaini aliona ni kadogo, ni friji tu.

Kampuni ilisema na mpaka leo inasema kuna mfanyakazi mwenye hasira aliingiza maji kwa makusudi. Wengine wanasema maji yalipenya walipokuwa wanaosha mapaipu. Wamebishana miaka arobaini juu ya hayo maji. Mimi stoo kipa nauliza swali moja tu, nani alizima friji? Maana maji hata yangeingizwa na nani, yangekuta tenki la baridi na mnara mzima, tungekuwa tunaongelea habari nyingine.

Na kulikuwa na dalili jamani, tena za wazi. Desemba 1981 mfanyakazi mmoja alikufa kwa gesi nyingine ya sumu humohumo ndani. 1982 wakaguzi wa kampuni wenyewe walitoka Marekani wakaandika kasoro. Mwaka huohuo mwandishi wa habari wa pale mjini, Rajkumar Keswani, aliandika gazetini kwamba Bhopal imekaa juu ya volkano. Hakuna aliyemsikiliza. Na usiku wenyewe, kwenye saa tano na nusu hivi, wafanyakazi macho yalianza kuwawasha wakajua kuna mahali panavuja, lakini macho kuwasha ilikuwa kawaida yao, kila siku kunavuja kidogo, kwaiyo walikwenda kunywa chai kwanza. Siwalaumu hata kidogo. Mtu ukimzoesha kuwashwa macho kazini umeshamnyang'anya kengele yake.

Sasa nije kwenye reli maana hapa ndio kiini cha nilichokuja kusema.

Stesheni ya Bhopal iko karibu na kile kiwanda. Usiku ule naibu stesheni masta aliitwa Ghulam Dastagir. Akatoka ofisini koo linawaka, macho yanatoka machozi, hajui ni nini, hamna mtu wa kiwanda aliyempigia. Kuna treni imesimama imejaa abiria na muda wake wa kuondoka bado. Yule bwana hakungoja muda, hakuomba ruhusa juu, aliitoa treni ikaondoka, alafu akapiga simu stesheni za pande zote mbili kwamba treni isije Bhopal. Alibaki palepale anahudumia watu plafomu. Wenzake wengi walikufa, yeye aliugua kwa ile gesi miaka yote mpaka alipofariki mwaka 2003.

Nataka muone tofauti. Mtu wa reli alikuwa na mamlaka ya kusimamisha na kuondoa treni, na aliyatumia ndani ya dakika chache. Mtu wa kiwandani aliyeona geji ya tenki inapanda hakuwa na mamlaka ya kuwasha friji iliyotolewa gesi yake, hakuwa na mamlaka hata ya kuuamsha mji, saireni ya nje ililia kidogo ikazimwa kwasababu utaratibu wao ulikuwa kutowatia watu hofu.

Baba yangu alikuwa genge la reli, wale wa kutembea njia na nyundo na spana, pande za Goweko huko. Daraja la chini kabisa, mshahara wa chini kabisa. Lakini alikuwa na bendera nyekundu. Aliniambia nikiwa mtoto, mimi nikiona reli imepasuka nainua hii, na treni inasimama, hata kama ndani amepanda mkubwa wa reli yote, inasimama kwanza alafu ndio tunaulizana. Na hakuna dreva atakayemtukana mtu wa genge kwa kumsimamisha hata kama ufa haukuwa mkubwa. Mji huu umejengwa na watu wa bendera hiyo. Tabora ni jankisheni, treni za Mwanza, Kigoma, Mpanda, zote zinapita hapa, mnajua ninachosema.

Ivi ni kijana gani wa stoo hapa mwenye bendera nyekundu? Anyooshe mkono. (Hakunyoosha mtu.)

Mimi sikuwa nayo. Mwaka 2009 nilikuwa nasimamia godauni moja la pembejeo hapa mjini, jina la mwenye mali sitolitaja na wala sio lengo langu. Tulikuwa na madramu ya dawa ya wadudu, ile jamii inayopiga mishipa ya fahamu, na ukutani kulikuwa na feni kubwa ya kutoa hewa nje. Feni ikaungua mota. Nikaandika mara ya kwanza, nikaambiwa subiri msimu wa tumbaku uishe hela ipatikane. Nikaandika mara ya pili. Mara ya tatu sikuandika tena, nilishazoea kichwa kuniuma kila jioni, nikawa nanunua panadol nafungua dirisha.

Siku moja dramu lilichanika wakati wa kulipanga, wakaja vibarua wawili kufuta kwa matambara, hawana maski hawana glovsi, mmoja kijana wa miaka kumi na tisa. Baada ya kama nusu saa akaanza kutoka jasho kama kamwagiwa maji, mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inachezacheza. Tukambeba kwenye toroli mpaka barabarani, tukapata gari, tukafika hospitali, daktari anauliza kala nini, kavuta nini, na mimi jina la ile dawa limenitoka kichwani kabisa kwa hofu. Aliyemuokoa ni mwenzake, alirudi mbio godauni akachana lebo ya dramu akaja nayo mkononi imelowa. Daktari aliposoma tu akajua dawa ya kumchoma.

Ndio maana naposoma Bhopal sehemu inayoniliza ni hospitali. Maelfu ya watu wanaingia hospitali ya Hamidia hawaoni, wanatapika povu, na madaktari hawajui ni gesi gani, na daktari wa kiwanda anawaambia ni kama gesi ya machozi tu, waoshwe macho. Kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa puani kingepunguza kitu, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia watu wa vibanda vya jirani hata hilo neno moja kabla, wala siku moja. Walikimbia, na kukimbia kunafanya uvute hewa zaidi. Mji mzima hauna lebo.

Sasa uwajibikaji. Nani waliulizwa? Warren Anderson, mwenyekiti wa kampuni, alikwenda Bhopal siku chache baadae akakamatwa, siku hiyohiyo akapewa dhamana akarudi kwao, hakurudi tena India mpaka alipofariki Marekani mwaka 2014 akiwa na miaka 92. India ilidai dola bilioni 3.3. Mwaka 1989 wakapatana dola milioni 470 na ikaishia hapo, majeruhi wengi waliambulia rupia 25,000 kwa maisha yote ya kukohoa. Juni 2010, miaka 25 na ushee, mahakama ya Bhopal ikawatia hatiani mabosi saba wa Kihindi wa ile kampuni, miaka miwili jela, na dhamana siku ileile. Dow Chemical ilinunua Union Carbide mwaka 2001 na ikasema deni hilo sio lake. Machi 2023 mahakama kuu kabisa ya India ikakataa ombi la kuongeza fidia. Na takataka za sumu zilizobaki kiwandani, tani 337, ziliondolewa Januari 2025. Miaka arobaini! Mtoto aliyezaliwa usiku ule ana wajukuu karibuni na takataka ndio kwanza zilikuwa zinapakiwa kwenye loli.

Kuna kilichobadilika, nisiwe muongo. Agosti 1985 kampuni ileile ilivujisha kemikali kwenye kiwanda chake kule West Virginia, kwao Marekani, watu kama 135 wakapelekwa hospitali. Lilipowagusa wao, mwaka 1986 Bunge lao likapitisha sheria kwamba mwananchi anayeishi jirani na kiwanda ana haki ya kujua kuna kemikali gani ndani na kiasi gani, na mji uwe na mpango wa dharura. India nao 1986 wakatunga sheria ya mazingira, na mahakama yao ya juu kabisa kwenye kesi ya gesi iliyovuja Delhi ikasema anayefanya shughuli ya hatari akileta madhara analipa, hakuna cha kujitetea kwamba alikuwa mwangalifu. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1993 likaweka mkataba namba 174 wa kuzuia ajali kubwa za viwandani. Na wahandisi wakaanza kuheshimu neno la mzee mmoja wa Uingereza, Trevor Kletz, ambaye hata kabla ya Bhopal alishasema kitu usichokuwa nacho hakiwezi kuvuja. Yaani kwanini ulundike tani 40? Weka kidogo, tumia, tengeneza kingine.

Hilo la kulundika lituguse. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, tani 2,750 za amonia naitreti ndani ya ghala la bandarini zaidi ya miaka sita, barua za onyo zimeandikwa, watu zaidi ya 200 wakafa kwa dakika moja. Ni ndugu wa mbolea tunazozijua.

Sisi sheria tunazo. Sheria ya usalama na afya kazini ipo tangu 2003 na OSHA wapo, Mkemia Mkuu wa Serikali anasajili kemikali, NEMC wa mazingira wapo, mamlaka ya viuatilifu ipo, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Lakini mkaguzi anakuja kwa mwaka mara ngapi? Feni inaungua siku yoyote. Anayeiona ni yule kijana wa ndani na jirani wa nje, na hao wawili ndio hawana neno.

Hapo mama mmoja wa kata ya Ng'ambo hapahapa mjini alisimama akasema, baba, ile stoo tumepakana ukuta, upepo ukigeuka sisi tunafunga madirisha, wanaweka nini mle? Ukumbi ukanyamaza. Nikamwambia mama hilo swali lako ndilo kikao chenyewe, na nikaomba wenye stoo waliokuwepo wajibu kuanzia pale, kila mmoja aandike alichonacho na kiasi chake, karatasi moja getini kwa Kiswahili, moja kwa mtendaji wa kata, moja hospitali. Haina gharama. Wawili walikubali palepale, wengine waliangalia chini, nitawafuata.

Na kampuni zinazoleta dawa kwa mkopo kupitia vyama vya msingi vya ushirika, nawaambia kwa heshima, mnapohesabu kilo za tumbaku kukata deni lenu hadi gramu, mhesabu na makopo mliyoyaleta. Yarudi kwenu yakiwa matupu. Mkulima wa Urambo na Sikonge hana mahali pa kuyapeleka, anayasuuza anawekea mafuta ya taa, jirani anawekea maji ya kunywa. Suuza mara tatu, toboa, sawa tunafundishana, ila aliyetengeneza kopo na kupata faida ndiye mwenye gari la kulirudisha.

Na vijana wa stoo na madreva, ninyi mnaobeba sayanaidi, ile sumu ya kutolea dhahabu, kupita Igunga na Nzega kwenda migodini, naomba iandikwe kwenye mikataba yenu sentensi moja: mfanyakazi yeyote akiona hatari anasimamisha kazi, na hakatwi hela ya siku. Hata kibarua wa siku moja. Bosi anayekataa kuisaini hiyo sentensi aulizwe anaogopa nini. Na bosi akikataa kununua feni aandike kwa mkono wake, mimi fulani nimekataa, tarehe, saini. Friji ya Bhopal ingekuwa na saini iliyobandikwa ukutani mahali wafanyakazi wanapoiona kila asubuhi, sidhani kama ingekaa imezimwa miezi mitano.

Sasa lile la rohoni. Yule kijana alipona, lakini mikono inamtetemeka mpaka leo na kazi ya kushika kitu kidogo haiwezi. Siku ile jioni niliitwa ofisini nikapewa kitabu cha matukio, nikaambiwa tusiharibu jina la kampuni msimu huu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, niliandika: kibarua mmoja ameugua malaria kazini. Nikasaini. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha maradhi ya mtoto wa mwenzangu. Hakupata hata shilingi kwasababu ya neno langu lile.

Yupo humu. Amekaa mstari wa tatu, ameniruhusu niseme ila jina lake nisilitaje. Nimeandika upya. Nimeandika jina la dawa, dramu lilivyochanika, feni iliyokuwa mbovu na tarehe zote mbili nilizoomba itengenezwe, na kwamba malaria haikuwepo. Mwanasheria ameniambia muda umepita sana, nimeisaini hivyohivyo. Mdogo wangu, njoo mbele uichukue.